Mchanga wenye udongo: Nani atabeba dhima?

Waislamu wengi wa mijini tukisikia neno ghushi, akili zetu hukimbilia sokoni. Tunamfikiria muuza maziwa anayetia maji, muuza nyama anayechezea mizani, au muuza mchele anayefunika chenga kwa mchele mzima juu ya gunia. Hawa tunawafahamu, tunawalaumu, na masheikh wetu hawaachi kuwakemea katika khutba za Ijumaa. Lakini ipo ghushi nyingine ambayo ni nadra kuisikia mimbarini, ilhali madhara yake hayaishii tumboni wala mfukoni. Nayo ni ghushi ya mchanga wa kujengea.

Msomaji anaweza kushangaa. Mchanga ni mchanga tu, unaghushiwaje? Nami nilikuwa na mshangao kama huo mpaka yaliponikuta haya ninayotaka kuyasimulia, ambayo hadi leo sijamaliza kuihukumu nafsi yangu kwayo.

Mchanga wa sadaka

Miaka michache iliyopita nilikuwa mjumbe wa kamati ya ujenzi wa madrasa katika msikiti wa mtaani kwetu hapa Dar es Salaam. Ilikuwa kazi kama zilivyo kazi zetu nyingi: michango ya Ijumaa, bahasha za Ramadhani, mfuko wa saruji kutoka kwa huyu, nondo mbili kutoka kwa yule. Chini yawe madarasa ya watoto, juu uwe ukumbi wa kina mama. Tulipofika kwenye nguzo na slabu ya juu, fedha zikakauka. Tukatangaza msikitini. Alhaji mmoja, mtu mkarimu na anayeheshimika, akasimama na kusema kuwa mchanga wote uliobaki ni juu yake. Tukaleta takbir.

Zikaja tipa tatu. Haukuwa mchanga wa mtoni bali mchanga wa kusagwa, unaotoka kwenye mashine za kokoto. Mchanga wa aina hii unazidi kutafutwa kwa sababu ule wa mito unapungua, na kuuchimba ovyo kunabomoa kingo za mito na kuhatarisha nyumba za watu. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) katika ripoti yake ya mwaka 2022 lilikadiria kuwa dunia inatumia tani bilioni 50 za mchanga na changarawe kila mwaka. Kwa hiyo kusaga mawe kupata mchanga si jambo baya, na mchanga huo ukitengenezwa vizuri hauna upungufu wowote. Sisi wanakamati tuliuona wa kijivu wenye wekundu kwa mbali, tukasema alhamdulillah.

Fundi wetu mkuu, mzee aliyekwisha kujenga misikiti kadhaa, hakusema neno. Aliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko ndani ya rundo, akatoa mchanga wa ndani wenye unyevu, akaufikicha viganjani, kisha akautupa. Viganja vilibaki vyekundu na vinanata. Alipovisuuza, maji ya ndoo yakawa kama chai ya maziwa.

Akasema, "Huu una udongo. Kwa kujazia kifusi, sawa. Kwa nguzo zitakazobeba watoto, mimi siutii mkono."

Hapo kamati ikagawanyika. Mzee mmoja alisema sadaka hairudishwi. Alhaji atavunjika moyo na wengine wataogopa kutoa. Mwingine akashauri tuongeze saruji, tumalize kazi. Wa tatu akauliza ni majengo mangapi yamejengwa kwa mchanga kama huo na bado yamesimama, tumtegemee Allah (s.w.). Mimi sikuwa na la kusema kwa sababu sikujua udongo una ubaya gani. Nikaanza kuuliza.

Udongo unafanya nini ndani ya zege?

Zege ni vitu vinne: saruji, mchanga, kokoto na maji. Saruji ikikutana na maji hufanya uji ambao ukiganda huyashika mawe yote yakawa jiwe moja. Ili hilo litokee, uji huo lazima uishike kila chembe ya mchanga kwenye uso wake. Sasa chembe ikiwa imepakwa udongo wa mfinyanzi, saruji inashika udongo, haishiki jiwe. Ni sawa na kupaka rangi ukuta wenye vumbi. Siku ya kwanza unang'aa, baadaye rangi inabanduka yenyewe.

Jambo la pili ni maji. Chembe za udongo wa mfinyanzi ni ndogo mno, chini ya mikroni 2, yaani chini ya sehemu mbili za elfu za milimita moja. Kwa udogo wake, konzi moja ya udongo ina uso mpana kuliko konzi nyingi za mchanga, na uso wote huo unataka maji. Upo udongo, kama ule uitwao montimorilonaiti, unaofyonza maji mpaka kwenye matabaka yake ya ndani na kuvimba. Fundi anaona zege limekuwa zito na koleo halipiti, saidia fundi anaagizwa kuongeza ndoo. Hapo ndipo nguvu inapopotea. Tangu mwaka 1918 mtafiti Duff Abrams wa Chicago, Marekani, alikwishaonyesha kuwa nguvu ya zege inategemea uwiano wa maji na saruji. Mfuko wa kilo 50 ukitiwa lita 25 za maji hutoa zege imara. Mfuko huo huo ukitiwa lita 35, nguvu yaweza kupungua kwa thuluthi moja au zaidi. Lita kumi ni nusu ndoo tu. Hakuna atakayeiona nusu ndoo hiyo baada ya plasta na rangi.

La tatu ni nyufa. Maji ya ziada yakikauka, udongo unasinyaa na plasta inapasuka vijistari vya kuparaganyika ukutani. Watu huvipaka rangi wakadhani vimekwisha. Kwenye nguzo na slabu, nyufa na vitundu vilivyoachwa na maji hupitisha unyevu na hewa mpaka kwenye nondo. Nondo inashika kutu, kutu inavimba, zege linamenyeka. Hili halitokei siku ya kukabidhi jengo. Huchukua miaka, wakati muuzaji ameshabadilisha simu na fundi ameshahamia mkoa mwingine.

Na je, kuongeza saruji? Kunapunguza tatizo lakini hakuliondoi. Udongo uliogandamana na chembe unabaki pale pale, na saruji nyingi yenye maji mengi nayo husinyaa na kuleta nyufa zake. Isitoshe, ile bei nafuu ya mchanga iliyotuvutia inaliwa na mifuko ya saruji iliyoongezwa.

Nikauliza pia udongo unaingiaje kwenye jiwe lililosagwa. Nikaambiwa njia ni mbili. Ya kwanza ni udongo ulio juu ya mwamba, ambao hutakiwa kuondolewa kabla ya kuchimba jiwe. Ya pili ni jiwe lenyewe lililochakaa kwa mvua ya karne nyingi, kwa maana baadhi ya madini ndani ya mwamba, kama feldispa, hugeuka taratibu kuwa udongo. Mashine haichagui, husaga kila inacholishwa. Mchimbaji mwaminifu huondoa udongo wa juu, huacha mawe yaliyooza, na ikibidi huosha mchanga wake kwa maji. Yote haya yanagharimu fedha, na hapo ndipo shetani hupata nafasi ya kukaa.

Si kila unga ni udongo

Hata hivyo, Uislamu umetufundisha uadilifu, na uadilifu unatutaka tuseme upande wa pili. Mchanga wa kusagwa kwa kawaida yake una unga mwingi wa jiwe. Unga huo si udongo, na ukiwa kwa kiasi hujaza nafasi baina ya chembe na kulisaidia zege. Ndiyo maana kiwango cha Uingereza cha BS 882 cha mwaka 1992, katika kazi za kawaida, kiliruhusu unga unaopita kwenye chekeche la mikroni 75 ufike asilimia 16 kwa mchanga wa jiwe lililosagwa, wakati mchanga wa asili uliruhusiwa asilimia 4 tu. Kiwango cha Marekani cha ASTM C33 nacho humlegezea mwenye mchanga wa kusagwa, lakini kwa sharti kwamba unga wake uwe wa jiwe na usiwe na udongo.

Kwa macho, unga wa jiwe na udongo hufanana. Maabara huvitofautisha kwa rangi ya buluu ya methilini. Udongo huinywa rangi hiyo kwa wingi, unga wa jiwe hauinywi ila kidogo sana. Kwa hiyo mtu akiona vumbi kwenye mchanga asikimbilie kumwita muuzaji mwizi. Dhana mbaya nayo ni dhambi, na kuharibu biashara ya mtu kwa dhana ni dhuluma. Sisi hatukutegemea viganja vya fundi peke yake. Kijana mmoja wa msikitini kwetu, mhandisi, alichukua sampuli kutoka pande zote za rundo, juu, katikati na chini, akaipeleka maabara. Majibu yakathibitisha aliyoyasema mzee.

Mkono ndani ya rundo

Imepokewa katika Sahih Muslim kutoka kwa Abu Huraira (r.a.) kuwa Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye rundo la chakula, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu. Alipomuuliza mwenye bidhaa, yule akajibu kuwa ni mvua. Mtume (s.a.w.) akamuuliza kwa nini asikiweke juu kile kilicholowa ili watu wakione, kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi amejitoa katika njia yake.

Tuizingatie hadithi hii vizuri. Mtume (s.a.w.) hakumlaumu mfanyabiashara kwa sababu ya mvua. Mvua ni amri ya Allah. Alimlaumu kwa kuweka kikavu juu na kibichi chini. Hali kadhalika udongo kuwemo kwenye mwamba si dhambi ya mchimbaji. Dhambi inaanza pale anapojua na kunyamaza. Angesema kuwa mchanga huu una udongo, unafaa kifusi, bei yake ni hii, biashara yake ingekuwa halali na yenye baraka. Wanazuoni wamelieleza suala hili chini ya mlango wa hiyari ya kasoro, kwamba mnunuzi aliyefichwa kasoro ya bidhaa ana haki ya kuirudisha.

Lakini lipo funzo la pili ambalo tunalipita. Mtume (s.a.w.) hakuridhika na uso wa rundo. Aliingiza mkono. Yeye alikuwa mwenye dhamana juu ya watu waliokuwa wakinunua katika soko lile. Naona basi kuwa dhima ina pande mbili: muuzaji analazimika kudhihirisha, na aliyepewa amana ya watu analazimika kuchunguza. Kamati ya madrasa imebeba amana ya wazazi wanaotuletea watoto wao. Mkuu wa kaya amebeba amana ya familia yake, na mwenye nyumba za kupangisha amebeba amana ya wapangaji asiowajua hata majina.

Mnyororo wa visingizio

Ukiuliza ni nani mwenye kosa pale mchanga mbaya unapoingia kwenye nguzo, kila mmoja ana jibu. Mchimbaji atasema wateja wanataka rahisi. Mwenye tipa atasema yeye kazi yake ni kubeba. Fundi atasema ametumia alicholetewa. Mwenye nyumba atasema yeye si mtaalamu. Mkaguzi atasema hakuitwa. Kila kisingizio kina ukweli ndani yake, ndiyo maana mnyororo huu haukatiki. Kosa limegawanywa vipande vidogo mpaka kila mmoja amepata kipande anachoweza kulala nacho usingizi.

Kisingizio kizito kuliko vyote ni kile cha kutojua. Je, asiyejua ana dhima? Sheria yetu inamhurumia mjinga na mwenye kusahau. Lakini imepokewa pia katika Sunan Abu Dawud na kwingineko kuwa mwenye kujitia utabibu bila kujulikana kwa elimu ya utabibu anawajibika kwa madhara atakayoyaleta. Hakusamehewa kwa kuwa hakujua, kwani kosa lake ni kushika kazi asiyoijua. Mtu anayesimamisha nguzo za ghorofa juu ya vichwa vya watu hana tofauti na tabibu huyo.

Naona tutofautishe ujinga wa aina mbili. Upo ujinga ambao mtu hana njia ya kuuondoa, na huo tunamwachia Mola wake. Upo ujinga unaoondoka kwa chupa ya maji. Fundi alituonyesha. Chukua chupa nyeupe ya kioo au plastiki iliyonyooka. Tia mchanga mpaka kama nusu, ongeza maji safi karibu ijae, tia kijiko cha chai cha chumvi ili udongo ushuke upesi, funga, tikisa kwa nguvu, kisha weka mahali tulivu kwa saa tatu. Mchanga utakaa chini na tope litakaa juu yake kama mstari. Pima kwa rula. Kipimo kinachotumika sana kwa mchanga wa mtoni ni tope lisizidi asilimia 6 hadi 8 ya kimo cha mchanga. Kwa mchanga wa kusagwa chupa haitoshi, kwa sababu unga wa jiwe nao hukaa juu. Hapo chupa inakuonya tu kuwa sasa uende maabara. Anayejenga kwa mamilioni ya shilingi na akashindwa kutafuta chupa, huyo hawezi kusema hakujua. Alichagua kutojua.

Na yule aliyetutaka tumtegemee Allah, tulimkumbusha kisa mashuhuri cha bedui aliyeambiwa amfunge ngamia wake kwanza ndipo ategemee. Ama hoja ya kuwa majengo mengi yamesimama, sisi wakazi wa Dar es Salaam hatuna haki ya kuisema. Tarehe 29 Machi, 2013, siku ya Ijumaa, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, jirani kabisa na msikiti, liliporomoka na kuua watu 36, wakiwemo watoto. Tarehe 16 Novemba, 2024, jengo la Kariakoo likawaangukia wafanyabiashara na wateja wao, wakafa watu zaidi ya 20. Sisemi kuwa majengo hayo yaliangushwa na udongo katika mchanga. Jengo huanguka kwa sababu nyingi: michoro, msingi, nondo, ghorofa za nyongeza, kuchimbua chini ya nguzo. Ninachosema ni kuwa jengo hubaki limesimama hata likiwa na kasoro, mpaka siku kasoro zinapokutana, na siku hiyo haitangazwi.

Sadaka inaweza kukataliwa?

Turudi kwa Alhaji. Katika Surat al-Baqara, aya ya 267, Allah (s.w.) amewaamrisha waumini watoe katika vizuri walivyochuma, akawakataza kukusudia kibaya ambacho wao wenyewe wangepewa wasingekipokea ila kwa kufumba macho. Alhaji hakukusudia kibaya. Yeye naye aliuziwa. Lakini sisi tulipokwisha kujua, tukifumba macho tutakuwa tumemgeuzia sadaka yake njema kuwa madhara, na tutamnyima nafasi ya kuirekebisha angali hai. Heshima gani hiyo?

Tulikwenda watatu nyumbani kwake baada ya Isha. Tukamweleza, tukamwonyesha chupa na karatasi ya maabara. Alinyamaza kwa muda, nikadhani tumempoteza. Kisha akauliza mbona hatukumwambia siku ile ile. Akampigia muuzaji simu mbele yetu. Muuzaji akasema wateja wengine hawalalamiki, lakini kwa kuwa Alhaji ni mteja mkubwa, akakubali kuuchukua. Alhaji akanunua mwingine, uliopimwa kwanza. Madrasa ikamalizika, na watoto wanasoma humo mpaka leo.

Mchanga ule ulikwenda wapi?

Hapa ndipo penye jambo linalonikosesha raha. Siku ya tatu baada ya tipa kuusomba ule mchanga, nilipita mtaa wa nyuma nikakuta rundo mbele ya kiwanja cha jirani yetu mmoja, mstaafu aliyekuwa akijenga vyumba vya kupangisha kwa kiinua mgongo chake. Rangi ile ile, wekundu ule ule. Tipa ile ile ilikuwa inageuza kuondoka. Tulisalimiana, akaniambia amebahatika kuupata kwa bei nzuri. Nikamwombea heri, nikapita zangu.

Kwa nini nilinyamaza? Nilijiambia sina uhakika kuwa ni mchanga ule ule. Nilijiambia kumtaja muuzaji ni kusengenya. Nilijiambia kazi ya kamati imekwisha. Visingizio hivi vitatu vilinitosha kwa wiki nzima. Kumbe mimi niliyewacheka wenye tipa na mafundi kwa mnyororo wao, nami nilikuwa nimejitengenezea pete yangu katika mnyororo huo.

Imam Ghazali (r.a.) katika Ihyau Ulumiddin, anapozungumzia adabu za biashara, anataja sarafu bandia. Anaeleza kuwa mtu akishaijua sarafu kuwa ni bandia haimfalii kuipitisha kwa mwingine, kwani itatoka mkono hadi mkono na dhambi itamrudia aliyeiingiza kwa muda wote itakaokuwa inazunguka. Anaona bora aitupe kisimani pasipofikika. Nilipolikumbuka hilo niliona wazi kosa letu sote. Tulikuwa tumeikataa sarafu ile mfukoni mwetu, kisha tukairudisha sokoni. Hatukumtaka muuzaji atamke kuwa ataiuza kama kifusi. Tulichojali ni kuwa isikae kwetu.

Ama hofu ya kusengenya, Imam Nawawi (r.a.) katika Riyadhus Swalihin ameorodhesha sehemu sita ambazo kumtaja mtu kwa kasoro yake kunaruhusiwa, na mojawapo ni kuwatahadharisha Waislamu na madhara. Na hata hivyo sikuhitaji kumtaja mtu. Nilihitaji kumwambia jirani yangu aingize mkono ndani ya rundo lake. Sentensi moja.

Nilimwendea baada ya wiki. Alikuwa ameshafyatua matofali, na linta zilikuwa zimeshamwagwa zege. Nikamweleza yote. Hakukasirika. Aliniuliza neno moja tu: "Mlijua?"

Sikuwa na jibu, nami nimekuwa nikilitafuta tangu siku hiyo. Fundi wetu alikwenda kumsaidia. Matofali mengi yaliyovunjika kwa kugongana yakatupwa, linta mbili zikabomolewa na kumwagwa upya, na mchanga uliobaki ukatumika kujazia chini ya sakafu, mahali ulipofaa tangu mwanzo. Kamati ilichangia gharama. Lakini hapana aliyemrudishia usingizi wake mzee yule.

Tufanye nini?

Naona yapo mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu bila kusubiri serikali. Kwanza, kila kamati ya msikiti, madrasa au shule ya Kiislamu iwe na utaratibu ulioandikwa wa kupima mchanga kabla tipa haijamwaga, awe ameununua nani na kwa fedha ya nani. Mtoaji akijua utaratibu mapema hataona amedhalilishwa. Pili, kazi ikiwa ya ghorofa, sampuli ipelekwe maabara na mhandisi aliyesajiliwa ashirikishwe. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na nguzo moja ya kubomoa. Tatu, wafanyabiashara wa mchanga walio Waislamu watenganishe marundo: wa zege, wa plasta, wa kifusi, na kila rundo liuzwe kwa jina lake na bei yake. Nne, sisi wanunuzi tuache kumbana muuzaji kwa bei mpaka uaminifu wake uwe hasara. Anayedai mchanga mzuri kwa bei ya kifusi ameshiriki kuitengeneza ghushi hiyo kabla ya kughushiwa.

Tano, na hili najisemea mwenyewe kwanza, tukikataa kibaya tusiishie kujiokoa. Tuulize kinakwenda wapi. Majengo yetu yanapakana, kuta zetu zinashikana, na watoto wetu wanacheza chini ya kuta za wenzetu. Siku ya Kiyama kila mtu ataulizwa juu ya alichokijua na alikifanyia nini. Naogopa swali hilo halitakuwa refu kuliko lile la jirani yangu.

Allah (s.w.) atujaalie tuwe wakweli katika tunayoyauza, tunayoyanunua na tunayoyajua. Wallahu a'lam.